Leo miaka 4 tangu Senjutsu: tunaosubiri albamu mpya ya Iron Maiden tukutane hapa

MLETA MADA

Wakuu, habari za mchana.

Leo ni tarehe 3 Septemba 2025. Tarehe kama ya leo mwaka 2021 ndipo ilipotoka Senjutsu, albamu ya 17 ya Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, na tangu siku hiyo wazee hawa hawajatoa wimbo mpya hata mmoja wa studio. Nimepekua sijaona uzi wa Kiswahili unaozungumzia jambo hili, nikasema ngoja niufungue mwenyewe. Najua tupo, ila tumetawanyika.

Nieleze kwanza nilivyoingia. Mwaka 2009 nilikuwa namsaidia mjomba kwenye meza yake ya mitumba pale Karume, Ilala. Belo likifunguliwa, kazi yangu ilikuwa kuchambua fulana: za kutundika, za kupanga mezani, za kumwaga chini kwenye turubai. Siku moja ikatoka fulana nyeusi, shingo imelegea, lebo imekatwa, na mbele kuna dubwana la mifupa lililovaa kama Farao. Chapa ilikuwa imepasukapasuka pale tumboni kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Mgongoni imepangwa miji na tarehe za mwaka 2008, mji wa kwanza Mumbai. Mjomba akaniambia mwaga chini hiyo, nani atavaa shetani. Nikamwomba aikate kwenye posho yangu ya siku. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: ni bendi gani hii ya Waingereza inayoanzia ziara yake Mumbai?

Jibu nililipata intaneti kafe, nikiwa na rafiki yangu wa karibu. Yeye alikuwa mwanakwaya, sauti ya tatu, na masikio yake yalikuwa mbele ya yangu kwa mbali. Mimi nilisikia kelele nzuri. Yeye aliinamisha kichwa, akabonyeza kurudi nyuma, akanionyesha: "Sikiliza magitaa mawili. Hili linaimba sauti ya kwanza, lile linaimba ya pili. Hii ni kwaya." Kisha akanionyesha besi ya Steve Harris inavyokimbia chini yao kama farasi. Tukajaza flashi, tukawa tunagawana hedifoni, sikio lako na sikio langu, kwenye daladala za kurudi Mbagala.

Albamu yetu ya kwanza kuisubiri pamoja ilikuwa The Final Frontier, Agosti 2010. Baada ya hapo tukakaa miaka mitano hadi The Book of Souls, 4 Septemba 2015, dakika 92 za muziki, na wiki hiyohiyo mwanangu wa kwanza akazaliwa. Ikafuata Senjutsu. Ukihesabu kutoka ile hadi hii unapata miaka 6 kasoro siku moja.

Rafiki yangu hakuisikia Senjutsu. Aliugua, akatutoka Agosti 2020. Mwaka uliofuata bendi ilipotangaza albamu, wakaeleza kwamba ilirekodiwa mwanzoni mwa 2019, Paris, kwenye studio ya Guillaume Tell, ikawekwa kwanza kwa sababu ya ziara, halafu korona ikafunga kila kitu. Yaani siku tunamzika, nyimbo zote 10 zilikuwa zimeshapigwa, zimefungiwa mahali. Hilo mpaka leo linanikaba.

Silaumu mtu. Lakini limenibadilisha namna ya kusubiri. Zamani nilisubiri tangazo. Sasa najua kwamba kwa bendi hii tangazo ni kitu cha mwisho kabisa. Kazi huwa imeshaisha siku nyingi. Na siyo Senjutsu peke yake. The Book of Souls nayo ilirekodiwa kati ya Septemba na Desemba 2014, kisha mwimbaji wao, Bruce Dickinson, akagundulika na uvimbe wa saratani kwenye ulimi. Bendi ikanyamaza, ikamsubiri atibiwe. Mei 2015 madaktari wakasema amepona, na albamu ikatoka Septemba. Miezi tisa kabatini.

Kwa hiyo swali langu kwenu wadau: je, inawezekana sasa hivi ninapoandika haya albamu ya 18 ipo kabatini? Steve Harris ana miaka 69. Bruce 67. Wapiga gitaa Dave Murray, Adrian Smith na Janick Gers wote watatu wana 68. Mtu mwenye hoja aje nayo, tujadiliane kwa heshima.

MDAU WA ARUSHA

Mkuu, pole sana kwa rafiki yako. Nimeisoma habari ya kabati mara mbili.

Mimi ni mpenzi wao tangu Brave New World ya mwaka 2000, na niseme ukweli ingawa utauma: sidhani kama ipo. Ukitaka kujua Maiden wameingia studio, achana na tetesi, soma ratiba ya ziara. Tafuta shimo, yaani miezi isiyo na maonyesho.

Tazama. Ziara ya Maiden England iliisha Knebworth tarehe 5 Julai 2014. Septemba wako Paris kurekodi The Book of Souls. Awamu ya kwanza ya ziara ya Legacy of the Beast iliisha Agosti 2018, wakaanza tena Julai 2019. Katikati ya hilo shimo ndipo wakarekodi Senjutsu. Hawa watu hawatungi njiani kama bendi nyingine. Wanahitaji miezi ya kukaa pamoja chumba kimoja, wafanye mazoezi ya wimbo na kuurekodi papo hapo ukiwa bado wa moto.

Sasa chukua ziara ya Future Past. Ilisimama Oktoba 2023 kule California, ikaendelea Septemba 2024 Australia. Ni shimo la miezi 11, na nakumbuka nilishangilia nilipoliona. Lakini Bruce alilijaza mwenyewe: Machi 2024 akatoa albamu yake binafsi, The Mandrake Project, na kuanzia Aprili hadi Julai akawa barabarani na bendi yake nyingine. Future Past ikaisha São Paulo tarehe 7 Desemba 2024, na ziara ya Run For Your Lives ikaanza Budapest tarehe 27 Mei 2025. Hapo katikati ilibidi wamfundishe kazi mpiga dramu mpya, na Aprili Adrian akatoa albamu na mpiga gitaa Richie Kotzen. Na ziara hii ya sasa wametangaza ni ya 2025 na 2026.

Kwa hesabu yangu, shimo la kweli halipo hadi 2027. Natamani niwe nimekosea.

MLETA MADA

Asante kaka, hii ndiyo aina ya hoja niliyokuwa naitafuta. Ratiba yako siwezi kuipinga. Nabaki na tumaini dogo la ile miezi ya majira ya baridi mwanzoni mwa 2024, kabla Bruce hajaondoka na bendi yake. Harris anajulikana kwa kujifungia peke yake siku kadhaa akatoka na wimbo wa dakika 11. Nyimbo tatu za mwisho za Senjutsu ni zake peke yake, na hakuna hata moja iliyo chini ya dakika 10. Mtu wa namna hiyo hahitaji bendi nzima ili aanze kutunga.

MDAU WA DODOMA

Habari ya jioni ndugu zangu. Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Kijana wangu ana miaka 16, anasikiliza sana hawa watu, na chumbani amebandika picha ya hilo dubwana. Kanisani kwetu tumeambiwa ni muziki wa kumtumikia shetani. Nyinyi mnaousikiliza miaka yote hii mnasemaje? Nataka kuelewa kabla sijamkataza.

MLETA MADA

Shikamoo mama. Nashukuru umeuliza kabla ya kukataza.

Lawama hiyo ni ya zamani. Ilianza mwaka 1982 walipotoa albamu yenye jina la mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Marekani kuna makundi ya kidini yaliyochoma sahani zao hadharani. Steve Harris alishaeleza kwamba wimbo wenyewe ulitokana na ndoto mbaya aliyoota baada ya kutazama sinema ya kutisha usiku. Ni masimulizi ya mtu anayeogopa.

Lile dubwana linaitwa Eddie. Lilichorwa na Derek Riggs na limekuwa kwenye majalada yao tangu albamu ya kwanza ya 1980. Kila albamu linabadilishwa vazi: mara Farao, mara samurai.

Na jambo hili watu wengi hawalijui: Nicko McBrain, aliyewapigia dramu kwa miaka 42, ni Mkristo aliyeokoka mwaka 1999, na anakiri imani yake waziwazi. Aliendelea kukaa nyuma ya ngoma za bendi hii robo karne nyingine baada ya kuokoka. Mama, kaa na kijana wako, mwambie akuwekee wimbo mmoja akueleze maneno yake. Utakuta ni vita vya zamani, hadithi za mabaharia, historia ya Aleksanda Mkuu, ndege za vita. Rafiki yangu niliyemtaja juu aliimba kwaya mpaka mwisho wa maisha yake, na siku ya kumuaga, kwaya yake ndiyo iliyomwimbia.

MDAU WA DODOMA

Marahaba mwanangu. Nitakaa naye leo.

MDAU WA MUSCAT

Assalaam aleykum jamaa. Mimi mtu wa Unguja, niko Oman miaka mingi. Nilikuwepo Dubai Machi 2007 walipokuja kwenye tamasha la Desert Rock. Tulitoka Muscat kwa gari, watu wanne, tukavuka mpaka asubuhi. Joto lilikuwa la kuvumilika usiku ule. Nakumbuka vumbi lililopanda watu walipoanza kuruka, mpaka taa za jukwaani zikawa kama zinapita kwenye moshi. Waarabu, Wahindi, Wafilipino, Waajemi, kila mtu anaimba. Karibu yangu palikuwa na mzee kavaa kanzu na kilemba, anajua maneno yote.

Ninachotaka kusema: walikuja kwetu wakiwa na albamu mpya mkononi, A Matter of Life and Death ya 2006, na waliipiga wakiwa wanaiamini. Kila nikisikia mtu anasema "hawa wazee wapige za zamani tu watosheke", nakumbuka usiku ule. Bendi inayopiga wimbo wake mpya unaiona usoni.

MDAU WA BIRMINGHAM

Nimeguswa na hilo la mwisho. Tarehe 28 Juni mwaka huu nilikuwa London Stadium. Kabla ya ziara meneja wao, Rod Smallwood, aliwaomba mashabiki waweke simu mfukoni, na pale nilipokuwa nimesimama wengi walitii. Ilikuwa raha, unaona jukwaa badala ya skrini za watu.

Lakini orodha ya nyimbo ilikuwa ya albamu 9 za kwanza peke yake, 1980 hadi 1992. Ziara ndiyo ilivyotangazwa, ya kusherehekea miaka 50 tangu Harris aianzishe bendi Desemba 1975 kule Leyton, mashariki mwa London. Siku ile nililia, sioni haya kusema. Ila kwenye treni ya kurudi nikawa najiuliza: hii ni sherehe au ni kuaga? Kwenye Future Past nilisikia nyimbo 5 za Senjutsu usiku mmoja, wanazipiga kwa fahari. Mwaka huu hata moja. Ndiyo maana swali la albamu mpya kwangu si swali la burudani. Nataka kujua kama bado wana jambo la kusema.

MDAU WA NAIROBI

Salamu kutoka Nairobi. Naheshimu hisia zenu, lakini niulize: kwa nini tusubiri miaka sita kitu cha London huku metali inatengenezwa hapa? Duma walitoa albamu yao Agosti 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Vijana wawili wa Nairobi, kelele ambayo hujawahi kuisikia popote. Wapeni masikio.

MLETA MADA

Kaka, Duma ninao. Niliisikiliza mwezi uleule iliotoka, mwezi ambao nilikuwa nimefiwa, na ukali wake ulinisaidia kuliko faraja nyingi nilizopewa. Nakubali kabisa kwamba tuwasikilize wa kwetu, na ukifungua uzi wa metali ya Nairobi nitakuwa wa kwanza kuchangia. Lakini mapenzi haya ya Maiden hayachukui nafasi ya mapenzi mengine. Nimekua nao. Ni kama kusubiri barua ya mtu anayeandika mara chache.

MDAU WA MOROGORO

Wote mmekwepa jambo zito. Nani atapiga dramu kwenye albamu mpya?

Mimi ni mpiga dramu, kanisani na kwenye bendi ya harusi. Nicko alianza na Piece of Mind ya 1983 na hajawahi kukosa albamu tangu hapo. Anapiga kiki, ile ngoma kubwa ya chini, kwa mguu mmoja na pedali moja. Bendi nyingi za metali hutumia pedali mbili ili kupata kasi. Yeye kasi yote ile anaitoa kwenye kifundo cha mguu mmoja. Nimejaribu miaka, mguu unakufa ganzi kabla wimbo haujafika nusu. Mwanzoni mwa 2023 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kulia, mkono na mguu. Upande uleule wa pedali! Na Mei mwaka huohuo alikuwa jukwaani Ljubljana. Ziara nzima ya mwaka mmoja na nusu aliimaliza, ndipo akaaga São Paulo.

Simon Dawson, aliyechukua kiti, ni mtu wa Harris kutoka British Lion, bendi yake nyingine. Ni mzuri, anatunza mapigo, hajionyeshi. Lakini kupiga nyimbo za mwenzako ni tofauti na kuingia studio ambako hakuna wimbo bado, Harris anakuangalia, na wewe ndiye unayeamua wimbo uende mbio au utembee. Hapo ndipo tutajua. Nikiwa mpiga dramu, naisubiri albamu hiyo kwa hofu na hamu.

MDAU WA ARUSHA

Hoja nzito hii mkuu. Nicko aliposema anaacha ziara alisema pia anabaki ndani ya familia ya Iron Maiden. Mlango wa studio hakuufunga.

MDAU WA MOROGORO

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mno. Ninayashikilia.

MDAU WA TANGA

Mleta mada, mwaka 2021 uliwahi kujua mapema kwamba Senjutsu inakuja? Mimi nilishtukia tu imetoka.

MLETA MADA

Nilijua, na acha nikusimulie.

Mwishoni mwa Juni 2021 Bruce alihojiwa kwenye televisheni ya Uingereza akiwa amevaa fulana iliyoandikwa Belshazzar's Feast, karamu ya Belshaza. Wakati huohuo mabango ya maneno hayo yalionekana kwenye tamasha la Download, yakiwa na herufi W.O.T.W. na tarehe 15 Julai. Mashabiki dunia nzima wakawa wanakuna vichwa.

Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani, simu mkononi, nikalisoma jina Belshaza, mwili ukasisimka. Tuliosoma Biblia utotoni tunaijua ile sura ya tano ya Danieli: mfalme anakunywa kwa vyombo vya hekalu, vidole vya mkono wa mtu vinatokea na kuandika ukutani, MENE, MENE, TEKELI, NA PERESI. Maandishi ukutani. W.O.T.W. Na tarehe 15 Julai ulipotoka wimbo wa kwanza, The Writing on the Wall, ndivyo ulivyokuwa.

Nilichofanya baada ya kulitegua lile fumbo ni kufungua simu nitafute jina la rafiki yangu nimpigie. Kidole kilishafika kwenye jina lake. Yeye ndiye aliyekuwa akizijua sura za Danieli kwa kichwa. Angelitegua kabla yangu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba nilinunua bando, nikasubiri saa 6. Siku hiyohiyo Drake naye alitoa albamu, na kazini asubuhi wote walikuwa na Drake. Mimi nilikuwa sijalala. Senjutsu inaanza na dramu peke yake: pigo moja zito, kimya, mengine yanafuata, kama mtu anayegonga lango la mji. Nilivaa hedifoni upande mmoja. Mazoea.

MDAU WA TANGA

Kaka, umenifunga mdomo.

MDAU WA MUSCAT

Mleta mada, nina wazo. Leo ndiyo siku yake. Kwa nini tusiisikilize yote usiku huu, kila mtu alipo? Dakika 82. Saa 3 usiku ya Dar, hapa kwetu itakuwa saa 4. Tuandike humu kila tunapofika.

MDAU WA BIRMINGHAM

Huku itakuwa saa 1 jioni, nitakuwa nimetoka kazini. Nipo.

MDAU WA MOROGORO

Nipo. Nitakaa kwenye dramu zangu, nitafuata kwa vijiti juu ya mto nisiwaamshe watoto.

MDAU WA NAIROBI

Na mimi nitaweka. Sijawahi kuisikia albamu yao nzima bila kuruka.

MDAU WA DODOMA

Kijana wangu anasema ataniwekea. Ameshanieleza habari za Belshaza, kumbe anaijua.

MLETA MADA

Saa 2:50. Nimevaa ile fulana ya Karume. Chapa karibu yote imeshatoka, limebaki jicho moja la Farao na majina ya miji mgongoni. Mwanangu amekaa pembeni yangu, miaka 10 wiki hii, ameomba asikilize pia. Nimempa upande wa kushoto.

MDAU WA ARUSHA

Dakika mbili. Zimeni taarifa za simu.

MDAU WA MOROGORO

Saa 3. Bonyezeni.

MLETA MADA

Lango linagongwa.